Chupa za watoto Kariakoo: kabla ya kulipa, ingiza kidole

Ukiulizia chupa ya kulishia mtoto Kariakoo, utashushiwa kwanza ile ya rafu ya juu: ina mrija wa ndani, vali ya kuzuia gesi, mishikio miwili na mfuniko wenye masikio ya dubu. Utaambiwa ndiyo ya kisasa, haimpi mtoto chango. Kwa kipimo tunachotumia hapa, hiyo karibu inashika mkia. Inayoongoza ni kikombe kidogo cha stenlesi, na hicho hutakikuta kwenye duka la vitu vya watoto. Nenda kwa wauza vyombo, utakiona kati ya vijiko na sufuria.

Kipimo chenyewe ni kimoja: je, kila mahali maziwa yanapogusa panafikiwa na kidole au brashi? Rangi, picha na maneno ya boksi yatafuata baadaye. Kipimo hiki hakikutungwa Dar es Salaam. Kimetoka kwenye madaftari ya vifo vya vichanga ya vitongoji vya Uingereza vya miaka mia moja na ushee iliyopita, na tunaanza nayo hayo, maana asiyeyajua ataona kikombe ni ushamba.

Chupa iliyokuwa na mpira

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, chupa iliyopendwa Uingereza ilikuwa ya kioo, bapa, inalazwa kama kobe. Shingoni ilitoka na mpira mrefu mfano wa ule wa dripu, na mwisho wa mpira ndipo palipokuwa na chuchu. Ilipendwa kwa sababu moja kubwa: haikuhitaji mtu wa kuishika. Mtoto alilazwa, chupa ikawekwa ubavuni, akavuta kidogokidogo huku mama akifua au akishona nguo za watu. Kioo kilioshwa. Mpira haukuoshwa kwa sababu haukuosheka. Brashi haikupita mpaka mwisho, na maziwa yaliyobaki ndani yaliganda, yakachacha, mlo uliofuata ukapita juu yake. Watu waliipachika jina la chupa ya mauaji. Ufaransa ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 1910. Uingereza iliendelea kuwepo madukani.

Sasa fungua daftari. Tottenham, Walthamstow na Willesden vilikuwa vitongoji vinavyotanuka kwa kasi pembeni mwa London, safu kwa safu za nyumba za wafanyakazi zikifuata reli, kama Mbagala ilivyofuata barabara ya Kilwa. Kila wilaya ilikuwa na daktari wake wa afya, naye kila mwaka alitoa ripoti. Ndani yake mlikuwa na jedwali la vifo vya walio chini ya mwaka mmoja: sababu zimepangwa kwenda chini, umri umepangwa kwenda kulia, mwezi wa kwanza ukigawanywa kwa wiki na iliyobaki kwa miezi.

Jedwali la namna hiyo lina vilima viwili. Cha kwanza kiko kwenye siku za mwanzo kabisa: watoto njiti, waliozaliwa na kasoro, walioumia wakati wa uzazi, na wengine walioandikiwa tu "udhaifu". Cha pili kinaanza mtoto akishatoka mwezi wa kwanza, na sababu yake kubwa ni kuharisha, nako kumerundikana Julai, Agosti na Septemba. Katikati kuna nimonia na mkamba wa majira ya baridi, kifaduro, surua, kifua kikuu, watoto waliolaliwa kitandani na wazazi wao, na "degedege", neno lililofunika magonjwa mengi ambayo hakuna aliyeyachunguza.

Kilima cha pili ndicho chetu hapa. Kilipanda na kushuka kwa hali ya hewa. Katika Uingereza na Wales, mwaka 1899 walikufa watoto 163 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1910 walikufa 105. Mwaka 1911 kiangazi kilikuwa kikali, idadi ikaruka mpaka 130, na mwaka 1912 wenye mvua na ubaridi ikashuka hadi 95. Akina mama wa 1911 hawakugeuka wazembe ghafla. Chupa zilikuwa zilezile, maziwa yaleyale, nzi walewale wa samadi ya farasi. Kilichoongezeka ni joto, na joto ndilo linalogeuza tone lililosahaulika ndani ya mpira kuwa sumu.

Daktari Edward Ballard alikwishaonyesha mwaka 1889 kwamba vifo vya kuharisha havikuanza kupanda mpaka kipimajoto kilichozikwa futi 4 ardhini kisome kama nyuzi 56 za Fahrenheit, yaani 13 na kidogo za Selsiasi. Hebu itafakari namba hiyo ukiwa Dar es Salaam. Ardhi yetu haifikii ubaridi huo mwezi wowote. Kile walichokiita kuharisha kwa kiangazi, wao kiliwatesa miezi mitatu. Sisi mazingira yake tunayo mwaka mzima, na masika yakija juu yake yanaongeza vyoo vya shimo vilivyofurika. Ndiyo maana chupa inayoweza kusamehewa kwenye nchi ya baridi haisameheki Tandale mwezi wa tatu.

Jambo moja tuliseme mapema, kikombe kisije kikadhaniwa kuwa dawa ya kila kitu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta Tanzania vifo 33 kwa kila watoto 1,000 kabla ya mwaka mmoja, na kati ya hivyo 24 ni vya siku 28 za kwanza. Hicho ni kilima cha kwanza, na dawa yake iko kwa mkunga, kwenye chumba cha kuzalia na wodi ya njiti. Chupa haikisogezi sana. Kilima cha pili kimeshuka mno kwa maji, chanjo (ya rota iliingia 2013), dawa ya chumvichumvi na kunyonyesha. Tunachofanya hapa ni kuangalia kisirudishwe na mfuniko wenye masikio ya dubu.

Na la kwanza kuliko yote: mtoto wa chini ya miezi 6 ananyonya titi peke yake, bila maji, bila uji, bila glukosi. Madaktari wa vitongoji vile waliuliza kila nyumba yenye msiba wa kuharisha mtoto alilishwaje, na walionyonya titi tu walikuwa wachache. Vifaa vilivyokaguliwa hapa ni kwa ajili ya maziwa yaliyokamuliwa mama akiwa kazini, mtoto asiye na mama, au aliyeelekezwa na kliniki kupewa maziwa ya kopo. Sheria ya ajira inampa mama siku 84 za likizo, na akirudi kazini anapewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kila siku. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta anajua saa 2 hizo zinaishia kwenye foleni. Ndipo chombo kinapohitajika.

Yenye vali na mrija wa ndani

Ifungue yote mezani kabla ya kulipa. Utahesabu vipande 6 au 7: chupa, pete ya kukazia, chuchu, kisahani cha vali, mrija, mfuniko, na wakati mwingine kizibo cha kusafiria. Kila kipande kina pande mbili, na kila kiungo ni mfereji.

Kasoro inaonekana hivi. Weka maziwa, yaache kama saa 4 kwenye joto la chumba, mwaga, osha kama nyumbani wanavyoosha kwa haraka: suuza, sabuni, brashi kubwa, suuza. Halafu chomoa kisahani cha vali, kigeuze, na umulike kwa tochi ya simu. Kwenye mfereji wa duara, wenye upana wa njiti ya kiberiti, kuna utando mweupe unaoteleza. Pitisha kijiti cha pamba na unuse. Sasa mulika ndani ya mrija. Ukuta wake una ukungu uleule, na brashi nyembamba iliyokuja kwenye boksi ndiyo pekee inayoingia. Brashi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kupotea nyumbani, na ukiitafuta peke yake madukani utazunguka.

Kuna tatizo la pili, la vali yenyewe. Ni mpasuko mdogo kwenye silikoni. Ikikauka na mafuta ya maziwa inajibana, hewa haiingii, chuchu inabonyea mdomoni mwa mtoto, mtoto analia. Anayelisha anadhani tundu ni dogo, anachoma sindano motoni na kulipanua. Kuanzia hapo maziwa yanamwagika kooni kuliko mtoto anavyoweza kumeza, anapaliwa. Kabla ya kulaumu tundu, minya mpasuko wa vali kwa vidole viwili uone kama unafunguka. Chupa iliyogeuzwa juu chini inapaswa kudondosha tone baada ya tone, kama tone moja kwa sekunde; mchirizi maana yake chuchu hiyo ni ya kutupa.

Ahadi ya kuzuia gesi ina ukweli kiasi, hewa hupitia kwingine. Lakini ukimweka mtoto wima na kumcheulisha, unapata sehemu kubwa ya faida hiyo bure. Tunaipa alama ya chini, na ukizawadiwa, itumie bila kisahani ikiwa muundo unaruhusu.

Ya shingo nyembamba, na ya shingo pana

Ya shingo nyembamba ndiyo imejaa mtaani. Vipande 4 tu, hilo ni la kuisifu. Udhaifu wake ni bega: pale shingo inapopanuka kuwa tumbo, brashi inaruka, na utando unabaki kama pete. Zungusha brashi ukiwa umeilaza chupa, usiichomeke na kuichomoa tu. Chuchu igeuze nje ndani, kisha sugua chini ya ukingo unaobanwa na pete. Hapo ndipo maziwa hukaukia.

Shingo pana ina nafuu kubwa, vidole viwili au vitatu vinaingia na bega halipo. Kama ni lazima ununue chupa, nunua hii, isiyo na mishikio, isiyo na kona za urembo wa dubu na nyota upande wa ndani. Angalia kitako: pembetatu yenye namba 5 ni polipropilini, inavumilia kuchemshwa. Isiyo na alama yoyote iache, hata ikiwa nusu bei. Plastiki ikishapata mikwaruzo na ukungu usiotoka, muda wake umekwisha, kwa sababu kila mkwaruzo ni mpira mdogo wa 1900. Kioo hakikwaruziki hivyo na kinasafishika vizuri kuliko plastiki yoyote, lakini sakafu ya saruji haina huruma, na ukikitoa kwenye maji yanayochemka ukakitia kwenye baridi kinapasuka.

Mistari ya mililita iliyochapwa juu ya chupa za bei ya chini usiiamini bila kuipima. Nunua bomba la sindano la 10 ml duka la dawa, lisilo na sindano, vuta maji mara sita, mimina, uone kama yanagusa 60. Ikipishana kwa mililita 5 au zaidi, kwa mtoto wa maziwa ya kopo ni jambo kubwa: vijiko ni vilevile lakini maji yamezidi, na mtoto anakondeshwa akiwa anashiba. Maji yakipungua, maziwa yanakuwa mazito mno kwa figo zake na anaishiwa maji mwilini. Kwa kopo, maji yanatangulia, unga unafuata. Kijiko cha ndani ya kopo hilohilo, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, kisichoshindiliwa.

Chuchu za kahawia za mpira huwa nata na kupasuka mapema, hasa zilizoning'inizwa juani na machinga. Vuta, achia: ikirudi polepole au ikionyesha nyufa kama za tairi kuukuu, achana nayo. Za silikoni hudumu zaidi, ila mtoto aliyeota meno huzitafuna, na kipande kinaweza kukatika.

Vikombe vyenye mdomo na vyenye mrija laini

Hivi huuzwa kwa wenye miezi 6 kwenda juu, na ndipo tunaposhangaa zaidi. Mrija laini unaojikunja chini ya kifuniko cha kusukuma, wenye kitako chenye uzito ndani ili ufuate maziwa popote, ni mpira wa ile chupa ya kobe umerudi na katuni. Ukipasua mmoja uliotumika kwa muda kwa wembe, urefu wote, utaona madoa meusi ambayo kwa nje hayaonekani. Kwa maji safi unaweza kuvumilia. Kwa maziwa au uji wa lishe, hapana. Vyenye mdomo mgumu viko nafuu kidogo, ila toa ile vali ya kuzuia kumwagika, uitupe.

Kikombe

Tafuta cha stenlesi cha ujazo wa kati ya 100 na 200 ml, kisicho na mshikio au chenye mshikio uliochomelewa bila tundu. Kuna kitu kimoja cha kuangalia, na wanunuzi wengi hawakijui: ukingo. Vikombe vya bei rahisi vina ukingo uliokunjwa kwa nje ukaacha mwanya. Pitisha ukucha chini ya mkunjo. Ukiingia, maziwa yataingia. Ukitia kikombe majini na kukitoa, na matone yakaendelea kutoka kwenye ukingo baada ya kukifuta, kirudishe. Chagua chenye ukingo uliofungwa kabisa au uliokatwa na kulainishwa. Kikombe cha plastiki chenye mistari, kama vile vya kupimia dawa lakini kikubwa kidogo, kinafaa pia ilimradi mdomo wake hauna makali.

Namna ya kulisha ina ufundi. Mtoto awe macho, si nusu usingizi. Mkalishe wima mapajani, kichwa kimeshikiliwa, mikono imefungwa kwa kanga asipige kikombe. Kijaze hadi nusu au zaidi. Kigusishe mdomo wa chini kwa wepesi, kiinamishe mpaka maziwa yaguse tu mdomo, na ubaki hapo. Usimwagie kinywani. Njiti atalamba kwa ulimi kama paka. Aliyetimia atafyonza ukingoni. Akifunga mdomo, amemaliza au anapumzika. Kipimo cha mtoto aliyetimia ni kama 150 ml kwa kila kilo kwa siku, kugawa kwa milo 8: mwenye kilo 4 ni 600 ml kwa siku, 75 ml kila mlo. Mlo mmoja atachukua zaidi, mwingine kidogo. Hesabu ya siku nzima ndiyo muhimu.

Hasara zake zipo. Maziwa yanamwagika, hasa wiki ya kwanza, kwa hiyo mvalishe kitambaa kifuani na ukadirie kilichodondoka. Kikombe hakibebeki kikiwa na maziwa kwenye daladala. Na dada wa kazi hukipinga, kwa sababu chupa anaweza kuiegemeza kwenye mto akaenda kuanua nguo, kikombe hakiegemezeki. Hiyo ndiyo sababu iliyoiuza chupa ya mpira Walthamstow. Mtoto anayelishwa kwa kikombe lazima awe mikononi mwa mtu, na anayelishwa akiwa mikononi mwa mtu hapaliwi peke yake.

Muhimu zaidi, kwa bei ya chupa moja ya vali utapata vikombe kadhaa. (Bei zenyewe hatuziandiki, Kariakoo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na asubuhi hadi jioni.) Uingereza ilijifunza jambo hili kwa vituo vya maziwa, cha kwanza St Helens mwaka 1899 kwa kuiga cha Fécamp, Ufaransa, Battersea ikafuata 1902. Mama aliondoka na kikapu chenye chupa za siku nzima, kila mlo na chupa yake, asifungue mpaka wakati wa kulisha. Ukiwa na vikombe 4 vilivyochemshwa asubuhi, vimefunikwa, hakuna anayelazimika kusuuza kimoja harakaharaka kwa maji ya ndoo saa tisa alasiri.

Kuosha, kwa maji ya Dar

Maji ya bomba yaliyolala kwenye tangi, maji ya kisima yenye chumvi, maji ya dumu la lita 20 kutoka kwa muuza maji: kwa kuosha yote yanafaa ukiwa na sabuni, kwa kuchemshia vyombo yote yanafaa, lakini ya kisima yana adha yake. Yanaacha ukoko mweupe ndani ya chupa na sufuria, na utando wa maziwa hujishikiza humo. Loweka kwa siki au maji ya ndimu kwa nusu saa, usugue, kisha uchemshe.

Mpangilio ni huu: suuza papo hapo maziwa yasikauke, fungua kila kipande, sugua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, zamisha kwenye sufuria pana bila mapovu ya hewa kubaki ndani, funika, na baada ya maji kutokota vizuri hesabu dakika 10. Acha vyombo humohumo na mfuniko mpaka vitakapohitajika. Kuvitoa na kuvifuta kwa kitambaa cha jikoni ni kurudi mwanzo. Brashi nayo ichemshwe, wengi huisahau.

Unga wa maziwa ya kopo si kitu kisicho na vijidudu, hata kopo likiwa jipya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji yasipungue nyuzi 70 za Selsiasi unapochanganya. Lita moja iliyotokota, ikifunikwa na kuachwa isizidi nusu saa, bado iko hapo. Changanya, poza kwa kutia kikombe kwenye beseni la maji baridi yasiyofika ukingoni, onja joto kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Yaliyokaa saa 2 mwaga, hata kama ni mengi.

Hapa chupa ya chai inaingia, nayo inatumika vibaya kuliko chombo chochote jijini. Kuweka maziwa yaliyokwisha kuchanganywa, yakiwa vuguvugu, ndani ya chupa ya chai ili mtoto anywe mpaka jioni ni kuyaatamia. Weka maji yaliyotokota humo, unga uwe pembeni kwenye kikebe kikavu, uchanganye kila mlo unapofika. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yana uvumilivu zaidi, ila kwa joto letu usizidishe saa 4 nje ya friji.

Maziwa mazito matamu ya kopo si chakula cha kichanga. Waingereza waliwapa watoto yale yaliyotolewa siagi kwa mashine, kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Onyo liliandikwa kwa herufi ndogo, kopo likakaa wazi na nzi, na watoto wakanenepa bila nguvu, miguu ikipinda kwa matege.

Mtoto akianza kuharisha pamoja na uangalifu wote: titi liendelee, dawa ya chumvichumvi kwa kikombe na kijiko, 50 hadi 100 ml kila baada ya choo cha maji, na zinki kwa siku 10 hadi 14, 10 mg kwa siku kwa wa chini ya miezi 6, 20 mg kwa waliozidi hapo. Macho yaliyoingia ndani, damu kwenye choo, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya: usingoje asubuhi.

Huduma ya madukani

Kwa ujumla, wauzaji wa Kariakoo wanakubali ufungue boksi, ukinunua au usinunue. Ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi boksi limefungwa kwa plastiki, na ukifungua umenunua. Kwa bidhaa ya aina hii hiyo ni dosari, hata kama chuchu zimehifadhiwa vizuri mbali na jua. Maduka ya dawa yako katikati, na ndiyo pekee utakapopata bomba la sindano, zinki na dawa ya chumvichumvi kwa safari moja.

Kinachokosekana kote ni maelekezo ya Kiswahili. Karatasi ya ndani ina lugha sita, yetu haimo. Mwaka 1904 Benjamin Broadbent, meya wa mji wa Huddersfield, Uingereza, aliahidi pauni 1 kwa kila mtoto atakayezaliwa kitongoji cha Longwood akatimiza mwaka. Pauni ilikuwa chambo. Wanawake waliopita nyumba kwa nyumba wakieleza namna ya kulisha ndio, kwa maoni yetu, waliofanya kazi. Muuzaji hahitaji kutoa pauni. Ubao mmoja wa maneno ishirini ungetosha. Badala yake kuna mabango ya watoto wanene, ilhali kanuni ya kimataifa ya 1981 ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inakataza chupa na chuchu kutangazwa kwa umma.

Ukishanunua vikombe, pita kwa wauza ukindu ununue kawa. Kila kinachosemwa kuhusu nzi hapo juu kinaishia kwenye kitu hicho. Chagua kilichosukwa kwa kubana, kisichopitisha ncha ya njiti ya kiberiti, kipana cha kufunika vikombe vyote 4 bila kuvigusa. Vile vya wavu wa plastiki vinavyokunjwa kama mwamvuli ni rahisi kuosha, ila kagua miguu: ukingo ukinyanyuka mezani hata kidogo, nzi anaingia na kutoka akitaka. Cha ukindu kisugue kwa maji ya chumvi kila wiki na ukianike juani kikiwa kimegeuzwa, maana kikibaki na unyevu kinaota ukungu upande wa ndani, ule unaotazama vikombe.